Hofu ya bahari weka pembeni, anza na karatasi: kwa mnaokwenda ufukweni nje ya nchi mara ya kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabora aliniandikia ujumbe mrefu, umeingia saa nane usiku. Yeye na mumewe wamepata likizo ya Agosti, wanataka kwenda Ushelisheli, na tangu waamue hapati usingizi. Akanimwagia hofu zake zote: ndege hajawahi kupanda, kuogelea hajui, nguo ya kuogelea hawezi kuvaa mbele za watu, Kifaransa hajui, ndugu watasemaje. Mwisho kabisa, kama jambo dogo tu, akagusia kwamba pasipoti bado hawajaanza kuishughulikia. Hapo ndipo niliposhtuka.

Ujumbe wa aina hii napokea sana tangu mimi na mdogo wangu turudi kutoka huko. Nimeona nijibu wote kwa pamoja, na niseme na dukuduku langu ambalo sijawahi kulitoa.

Mimi ni mtoto wa Singida. Maji makubwa niliyokua nikiyaona ni ya ziwa Singidani, na bahari niliijua ukubwani, nilipokwenda Dar kusoma. Nafanya kazi Dodoma, mshahara wangu ni wa kawaida. Safari hii niliilipia kwa fungu langu la kikoba pamoja na vihela vya kazi za ziada nilizokuwa nafanya jioni. Sikukopa, sikuomba mchango, sikuacha ada ya mtoto wa mtu. Nalisema hili kwa kifua mbele kwa sababu siku habari ilipovuja kwenye kundi la familia, niliyoyasoma pale sijayasahau. Baba yangu mdogo aliandika: "Hela ya kikoba unaenda kuogea maji ya chumvi, kwani Bagamoyo yamekauka?" Shangazi akaongeza kwamba ningejazia kidogo ningepata kiwanja Ihumwa. Ofisini nako kila nikipita mtu ananiuliza kama nimeshapata mzungu wa kunipokea. Waliyasema kwa kucheka, na mimi nilicheka nao, lakini usiku nililia.

Basi wewe uliyekaa na ndoto hii miaka yote, nikushauri kama dada yako: usiitangaze safari mpaka karatasi zote ziwe mkononi. Si kwa kuogopa husuda. Ni kwamba maneno ya watu yanakula nguvu, na hiyo nguvu utaihitaji kwenye foleni.

Pasipoti kwanza. Ya kawaida ni shilingi 150,000, maombi unaanzia kwenye mfumo wa Uhamiaji mtandaoni, kisha unachapisha fomu na kuipeleka na viambatisho, unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kwenye fomu hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kina herufi moja ambayo kitambulisho chake cha NIDA hakina. Herufi moja! Ikabidi twende kwa wakili kula kiapo cha majina, turudi, tusubiri, turudi tena. Kwa hiyo leo hii, kabla hujatafuta hata bei ya tiketi, toa cheti chako cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na cheti cha shule, vipange mezani, soma herufi moja moja. Na tiketi ikatwe kwa jina lililo kwenye pasipoti, lilivyo, si lile unaloitwa kazini.

Pili, kadi ya homa ya manjano. Wengi tunapitia Nairobi, na Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Ushelisheli wanaitaka. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya siku mbili kabla ya safari haikusaidii kitu. Ukishachomwa, cheti ni cha maisha. Utaratibu huo ulianza Julai 2016, yule anayekwambia kinaisha baada ya miaka 10 anakupa habari za zamani. Usikubali kadi ya mkato. Chomwa sindano, pokea kadi yenye muhuri, itunze ndani ya pasipoti.

Tatu, idhini ya kusafiri. Ushelisheli hawamdai Mtanzania viza, na hapo ndipo watu wanapolala usingizi, kwa sababu wanadai idhini inayoombwa mtandaoni kabla hujapanda ndege, na ina ada yake. Watataka tiketi ya kwenda na kurudi, mahali utakapolala kila usiku, na uthibitisho kwamba una hela ya kujikimu. Omba kwenye tovuti rasmi ya serikali yao. Zipo nyingine zinazofanana nayo ambazo zinakutoza zaidi kwa kazi hiyo hiyo.

Nilizichapisha zote. Watu wakanishangaa, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Nikanunua faili la plastiki la buluu lenye kifungo, nikapanga: tiketi, malipo ya hoteli, idhini, kadi za manjano, barua ya likizo ya mwajiri, taarifa ya benki. Safari ya kushuka Dar na treni ya SGR nisikuchoshe nayo. Nataka nikupeleke moja kwa moja kwenye kaunta moja ya njiani, sitaitaja ni wapi.

Tulikuwa kwenye mstari nyuma ya wazungu wawili, mke na mume, wamevaa kandambili. Walitoa pasipoti, wakachekewa, wakapewa tiketi zao za kupandia, wakapita. Sisi tulipofika, yule kijana wa kaunta akaangalia pasipoti, akatuangalia, akauliza: "Dada, huko mnakwenda kufanya kazi kwa nani?" Nikamwambia tunakwenda kupumzika. Akarudia, safari hii kwa sauti ya juu ili wa nyuma wasikie: "Kupumzika? Ushelisheli?" Mdogo wangu alianza kutetemeka mikono. Mimi nilifungua kifungo cha faili, nikatoa karatasi moja baada ya nyingine, nikazilaza mbele yake zikimwelekea yeye asome. Tiketi ya kurudi. Hoteli ya kisiwa cha Mahé, imelipwa. Nyumba ya wageni ya kisiwa cha La Digue, imelipwa. Idhini. Kadi. Barua yenye muhuri wa mwajiri. Alipofika kwenye taarifa ya benki alizifunga zote bila kumaliza kusoma, akachapisha tiketi zetu bila kuniangalia usoni. Wala hakusema samahani.

Mpaka leo nikikumbuka swali lile kifua kinabana. Kwa nini Mwafrika mwenzangu aone rahisi kuamini kwamba nakwenda kufua mashuka ya hoteli, na si kuyalalia? Kazi ya kufua mashuka ni ya heshima, mama yangu amefua nguo za watu na sisi tukasoma. Lakini kupumzika nako ni haki ya mtu aliyefanya kazi, awe na pasipoti ya rangi yoyote. Ndiyo maana nasisitiza karatasi mpaka mnachoka kunisikia. Ukiwa nazo huhitaji kupandisha sauti wala kujieleza maisha yako. Unazilaza mezani na kusubiri tiketi yako.

Ndege yenyewe? Utazoea kabla hamjapewa chai. Meza mate masikio yakiziba.

Sasa bahari, kwa wale wa bara wenzangu. Kuogelea sijui mpaka leo, na nilikaa majini kila siku. Siri ni kuchagua upande. Ushelisheli wana pepo za msimu, kusi na kaskazi, kama pwani yetu. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Oktoba, na fukwe zinazotazama kusini mashariki huchafuka, mawimbi yanakuwa makubwa na mwani unajaa. Kwa hiyo wewe wa Agosti, kaa fukwe za kaskazini magharibi: Beau Vallon kisiwani Mahé, au Anse Lazio kule Praslin. Miezi ya kaskazi inakuwa kinyume chake. Pale La Digue kuna Anse Source d'Argent, ufukwe wa yale majabali makubwa ya kijivu unayoyaona kwenye picha. Unalipa kiingilio kupita shamba la L'Union, na ndani mwamba unakinga mawimbi, maji ni ya magotini mpaka kiunoni kwa masafa marefu. Hapo ndipo nilipokaa chini, maji yakanifika kifuani, samaki wadogo wenye mistari wakawa wananidonoa vidole vya miguu. Lakini kisiwa hicho hicho kina Grand Anse, pazuri kwa macho, mkondo wake unavuta watu na vibao vya tahadhari vimesimikwa. Heshimu kibao. Uliza mwenyeji kabla hujaweka mguu majini, hata kama wengine wamo.

Mavazi yalinikosesha raha bure kabisa. Nilivaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, mdogo wangu alivaa kigauni. Kulikuwa na kina mama wamejifunika mwili mzima, na kulikuwa na walioacha wazi karibu kila kitu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hofia jua badala yake. Mahé iko chini ya nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na ngozi nyeusi nayo inaungua. Mabega ya mdogo wangu yalibabuka kama gome la mpera kwa sababu alikataa losheni akidai ni ya wazungu. Nywele suka kabla, twende kilioni au rasta ndogo, suuza na maji baridi kila ukitoka baharini, paka mafuta, basi.

Boti ya kutoka Mahé kwenda Praslin ni takriban saa moja, na msimu wa kusi inarusha kwelikweli. Meza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda, usingoje mpaka tumbo lianze. Kaa chini, upande wa nyuma. Kutoka Praslin kwenda La Digue ni kama robo saa tu, na ukifika unakodi baiskeli.

Kifaransa usikiogope. Wanazungumza Kikreoli chao, Kiingereza na Kifaransa, na Kiingereza chetu cha sekondari kinatosha. Mezani utajikuta nyumbani: pweza wa nazi, samaki wa kuchoma, ndizi na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui na kutiwa kungumanga. Shelisheli la kuchemsha wanalipenda sana, na mwenye nyumba yetu alituambia anayelila lazima arudi. Mama huyo ndiye aliyetusimulia kwamba mababu wa wengi pale walitolewa Afrika Mashariki wakiwa watumwa, na kwamba manowari za Waingereza zilizokamata majahazi ya watumwa ziliwashusha wengine visiwani humo miaka ya 1860 na 1870. Tukaenda kuona magofu ya Venn's Town, kule juu Sans Souci, ilipokuwa shule ya watoto wa watumwa waliokombolewa. Baba mdogo, Bagamoyo naipenda. Lakini kuna mambo niliyoyaelewa kuhusu Bagamoyo nikiwa nimesimama kwenye ule mlima.

Hela. Ushelisheli ni ghali, nisikudanganye. Beba euro au dola ulizonunua benki au duka la kubadilishia fedha lenye risiti, halafu badilisha kidogo kidogo kupata rupia zao. Kadi yako iombee benki ifunguliwe matumizi ya nje kabla hujaondoka. Tangu 2023 kuna tozo ya mazingira kwa kila mtu kwa kila usiku, uliza hoteli yako kama imo kwenye bei. Sisi tulikwepa mikahawa ya mahotelini, tukapanda mabasi ya umma ambayo nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na teksi, tukala chakula cha kufungasha, na Jumatano jioni tukaenda kwenye soko la Bazar Labrin pale Beau Vallon. Dawa za malaria hutahitaji kwa ajili ya huko, visiwa hivyo havina mbu wake. Na plagi zao ni za pini tatu kama zetu.

Wale walionicheka wengine sasa wananiuliza bei. Baba mdogo mwenyewe alitaka kujua kama tiketi inalipwa kwa awamu. Namjibu kwa adabu, ila nimemwambia pia kwamba maneno yake yaliniuma, kwa sababu mabinti wengi katika ukoo wetu wana uwezo wa kwenda na wanakaa kimya wakisubiri ruhusa ya watu ambao hawajawahi kuwachangia hata nauli ya daladala. Msisubiri. Ombeni pasipoti.

Zamu inayofuata ni ya mama. Anasema anataka kuona bahari isiyo na fujo, kwa hiyo tunalenga Aprili, kaskazi ikiwa imekwisha na kusi haijashika. Ana magoti mabovu, ngazi zinamtesa, na ile boti ya Praslin wimbi likija hata kijana anayumba. Kama kuna mtu aliyewahi kuvuka pale na mzazi asiyeweza kupanda ngazi, aniandikie alimpitishaje kwenye daraja la boti, na kama ni afadhali tukae Mahé tu siku zote.