Mwacheni mama akafuate maji mwenyewe

Mama ana miaka 81. Tangu ateleze bafuni tumemkataza kazi zote, hata maji ya kunywa tunampelekea. Sasa kusimama tu kunamshinda. Ni uzee? (Binti, Tanga)

Uzee upo, dada yangu, ila na ninyi mmeusaidia. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalaza kitandani wazee 12 wazima wa afya kwa siku 10. Kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguuni. Siku 10 tu, na hawakuwa wagonjwa. Mama yako ana muda gani kwenye hilo kochi?

Kwanza apimwe: nyonga, macho, presha, na dawa anazomeza. Akiruhusiwa, anzeni na kiti kigumu chenye mikono, kiegemezwe ukutani kisikimbie. Asogee ukingoni, visigino avivute nyuma, kisha ainame mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo anyanyuke. Wazee wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kusimama huku mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Wewe simama ubavuni, usimvute mikono. Mara 3 zinatosha kuanzia. Akiketi asijibwage, ashuke polepole, maana hapo paja linafanya kazi kwelikweli. Na mtungi wa maji urudi pale ulipokuwa, akayafuate mwenyewe.

Nina miaka 78. Kijana wa fiziotherapia ananiambia ninyanyue uzito. Si ataniua huyu? (Mzee, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Kijana anajua anachosema. Mwaka 1990, Boston, daktari Maria Fiatarone na wenzake waliwanyanyulisha uzito wa miguu wazee 10 wa makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Kwa wale 9 waliobaki nguvu za misuli ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwambie tu kijana habari za moyo na presha yako, na usibane pumzi unaponyanyua. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kubana pumzi.

Bakora ishikwe mkono gani?

Ulio kinyume na mguu mbovu. Goti la kulia likiuma, bakora kushoto. Kipini kifike usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama. Mpira wa chini ukiisha, nunua mwingine leo, si kesho.

Tunafundishwa kumpima mzee kwa kiti na saa tu. Hicho nacho ni kipimo? Darasani wengi tunataka kutibu wachezaji wa mpira. (Mwanafunzi, Moshi)

Wachezaji wana watu wengi wa kuwakimbilia, mdogo wangu. Kipimo hicho kilichapishwa na Podsiadlo na Richardson mwaka 1991: mzee anasimama kutoka kitini, anatembea mita 3, anageuka, anarudi, anaketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo kwenye hatari ya kuanguka. Lakini ukitazama saa peke yake utakosa nusu ya habari. Bibi mmoja alinimalizia kwa sekunde 11, nikataka kuandika "salama". Nikamwomba arudie, safari hii nikatazama miguu. Alipogeuka alipapasa ukuta, kanga imembana hatua, na ndala ya kushoto kaifunga kwa uzi.