Maswali yenu: uzamivu wa nadharia ya jamii na siasa

Barua za mara hii karibu zote zinauliza jambo moja: kusomea uzamivu (PhD) wenye mchepuo wa nadharia ya jamii na siasa, ule unaokutanisha taaluma kadhaa. Nimezifupisha. Salamu zimefika.

*Assalaam alaykum. Chuo kimoja cha nje kinatangaza uzamivu wa sosholojia "wenye mchepuo wa nadharia ya jamii na siasa". Ni shahada mbili au moja?* (Msomaji, Mwanakwerekwe)

Waalaykumu ssalaam. Moja. Unaomba idara, tuseme sosholojia, siasa au historia, na masharti yake yote yanakuhusu. Mchepuo unakuongezea semina za nadharia unazokaa na wenzako wa idara nyengine, na kwa kawaida mjumbe mmoja wa kamati ya tasnifu anatoka nje ya idara yako. Mtindo huu uko zaidi Marekani na Kanada.

Usiuchanganye na ule ambao mseto wenyewe ndiyo programu nzima. Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, wana kamati ya namna hiyo tangu 1941. Karibu na sisi, taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, MISR, ilianzisha mwaka 2012, Mahmood Mamdani akiwa mkurugenzi, uzamivu unaounganisha siasa, uchumi wa kisiasa, historia na utamaduni: madarasa kwanza, tasnifu baadaye. Wengi wenu mnatazama Ulaya na kuiruka Kampala, sijui kwa nini.

*Nasomesha sekondari Wete, nina uzamili wa historia. Baba karithi mikarafuu, lakini ardhi tunaambiwa ni ya Serikali. Nikilisomea hili si litakuwa suala la kilimo? Lina nadharia gani?* (Mwalimu, Wete)

Tele, Mwalimu. Visiwani kwetu mti na ardhi ni vitu viwili. Mtu anamiliki mkarafuu, anauuza, anaurithisha, na udongo ulio chini yake ni wa mwengine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya 1992 ikaiweka ardhi kwa Rais kwa manufaa ya wananchi. Mirathi nayo inaigawa miti kwa mafungu, na wakfu unaiondoa kabisa mikononi mwa mwenyewe. Karafuu ikishakauka, mnunuzi halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na anayeivusha usiku kwenda Mombasa anaitwa mfanya magendo.

Sasa mlete John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza. Katika kitabu kilichotoka 1689 alisema mtu akitia jasho lake kwenye ardhi, ardhi ile inakuwa yake. Mzee aliyeipanda mikarafuu yenu alitia jasho, akapata mti bila ardhi, na bei akapangiwa. Locke kakosea, au Pemba ina namna ya kumiliki ambayo hakuiwazia? Na dola inayosema ardhi ni ya wote inapata wapi haki ya kuwa mnunuzi pekee? Hiyo ni nadharia ya siasa, wala hukulazimika kutoka nje ya shamba la baba.

Shikilia mpangilio huo: kesi mbele, Locke nyuma. Maandiko mengi ya utafiti ya waombaji ninayoletewa niyapitie yanaanza na Marx, Foucault na Fanon kurasa mbili nzima, halafu Pemba inanyunyizwa mwishoni kama pilipili juu ya urojo. Omba idara ya historia, ambako una msingi, na mchepuo ndio utakaokupa Locke na wenzake.

*Lazima nijue Kifaransa au Kijerumani?* (Msomaji, Mkoani)

Inategemea idara. Kwa utafiti wa hapa, Kiarabu kitakufaa zaidi: Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina hati nyingi za Kiarabu za enzi za masultani, za mkono, na kusoma msahafu peke yake hakutoshi kuzifasiri. Anza sasa.

*Mume wangu anauliza: miaka mitano ya nadharia, halafu kazi gani?* (Bi. M., Fuoni)

Ana haki ya kuuliza. Kazi za nadharia tupu ni chache, hapa na huko. Lakini shahada yako itakuwa ya idara. SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa hapa Zanzibar, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakitangaza nafasi ya mhadhiri wa sosholojia, mwenye uzamivu wa sosholojia anaombea bila ya kujieleza, wakati mwenye shahada ya mseto ana kazi ya kueleza alichosomea. Kwa hivyo anayetaka kurudi kusomesha nyumbani namshauri mchepuo. Ukirudi, shahada ya nje ipeleke TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe kabla hujaanza kuomba.

*Na pesa?* (wengi)

Marekani, programu nyingi za uzamivu zilizo imara hulipa ada na posho, nawe unasaidia kufundisha. Ukipokelewa bila ya ufadhili, usiende. Uingereza unaingia na andiko lako tayari, miaka mitatu au minne, na pesa mara nyingi unazitafuta mwenyewe. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni mlango mmoja. Ujerumani kuna DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ni deni, tena deni la mtu mwenye watoto.

*Nimemwandikia profesa mara mbili, kimya. Barua nimeambatanisha.* (Kijana, Chake Chake)

Nimeisoma, mwanangu. Ina aya saba, na unachotaka kukitafiti kimo kwenye ya sita. Kilete sentensi ya kwanza. Ya pili useme kazi ipi ya profesa huyo uliyoisoma inahusika, na kwa vipi. Ambatisha ukurasa mmoja. Tasnifu ya uzamili ibakie nyumbani. Na umtaje kwa jina, kwani "Mheshimiwa Profesa" tupu inaonesha umewatumia watu kumi barua hiyo hiyo. Wiki tatu zikipita, mwandikie mwengine wa idara ile ile.