Kabla Hujalalamikia Kamisheni, Jaza Fomu

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya wafugaji wa kuku: tarehe za chanjo, hesabu ya mayai, gharama za chakula. Toleo kamili niliuza shilingi 10,000, unalipa mara moja. Duka la programu likawa linakata 3,000. Miezi minane nikapiga kelele kijiweni kwamba tunanyonywa, mpaka jamaa mmoja akaniuliza, "Kwani ulijiandikisha kwenye ile ya asilimia 15?" Wala sikujua kama ipo.

Wewe ijue leo. Januari 2021 Apple ilianza kuwakata asilimia 15 wasanidi, yaani watengenezaji wa programu, wanaoingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, badala ya 30. Julai mwaka huohuo Google ikafuata, kwa dola milioni 1 ya kwanza ya kila mwaka. Kujiandikisha ni kazi yako. Ukikaa kimya, hakuna atakayekupigia simu.

Je, ni haki? Hiyo 15 naitoa bila kinyongo. Mfugaji wa Singida ananunua usiku nimelala, na sihangaiki na risiti wala mafaili. Ila 30 ni kama dalali aliyekutafutia fremu, halafu kila mwezi anarudi kudai chake. Dalali wetu, pamoja na maneno yake mengi, huchukua kodi ya mwezi mmoja akaenda zake.

Kinachoniuma hasa ni kuzibwa mdomo na duka, usimwambie mteja kwamba kwenye tovuti yako bei ni nafuu. Ndiyo maana kesi ya Epic Games, kampuni ya michezo ya video, dhidi ya Apple niliifuatilia kama mechi ya watani. Septemba 2021 jaji alizuia katazo hilo, lakini kwa Marekani. Kwa hiyo wewe wa huku usijichomekee lipa namba ya toleo kamili ndani ya programu. Inaweza kuondolewa dukani, na maoni yote ya wateja yakapotea nayo.

Njia halali ipo. Kamisheni hukatwa kwenye bidhaa za kidijitali. Kitu cha kushikika, au huduma anayoipata mteja nje ya simu, hakiguswi. Ndiyo maana nauli ya teksi hailipiwi kamisheni hiyo. Nami nikaongeza kitufe cha kuagiza vifaranga, malipo kwa M-Pesa. Siku hizi kitufe hicho ndicho kinacholipa bili ya seva, na toleo kamili nimelishusha hadi 6,000.