Msisubiri Watoto Wawe Wengi

Nilifundisha hesabu miaka sita katika shule ya kutwa ya Kiyahudi, kwenye mji wa wastani huko Marekani. Mimi si Myahudi. Wao walihitaji mwalimu wa vipindi vya mchana, mimi nilihitaji kazi. Asubuhi watoto walisoma Torati na Kiebrania, mchana wakaja kwangu kuhangaika na desimali.

Mwaka wa kwanza shule nzima ilikuwa na watoto 14, chini ya sinagogi lililojaa wazee. Vijana walikuwa wakishaoa tu, wanahama. Nikamuuliza mzee mmoja wa kamati kwa nini wasingoje watoto waongezeke kwanza ndipo waanzishe shule. Akacheka: "Mwalimu, waongezeke watoke wapi?"

Akanieleza kwamba Talmudi, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inataja vitu kumi ambavyo mji usipokuwa navyo, mwanachuoni asikae humo. Daktari yumo, choo kimo, na mwalimu wa watoto yumo. Nami nikayaona kwa macho. Kijana akiitwa kazini mjini kwetu, mkewe aliulizia shule kabla ya mshahara. Wakija, hawakai mbali: siku ya Sabato hawaendeshi gari, lazima sinagogi lifikike kwa miguu. Familia zikishasongamana mitaa miwili mitatu, mwenye duka naye anaanza kuleta kuku wa kosher, yaani wanaoruhusiwa kuliwa kwa sheria ya Kiyahudi.

Kwa hiyo mnaotaka kuanzisha shule ya jamii yenu, anzeni na chekechea. Wa miaka minne atamvuta mdogo wake. Wa sekondari, mzazi gani atakubali mtihani wa mwanawe uwe wa majaribio?

Halafu mwalimu kwanza, jengo baadaye. Talmudi hiyohiyo inapanga watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wakifika 40 aongezewe msaidizi kwa gharama ya mji, wakifika 50 wawe walimu wawili. Jengo halikutajwa hapo. Kamati yetu, mwaka wa tatu, ilipagawa na jengo. Mishahara ikachelewa miezi miwili, mwalimu wetu bora wa Kiebrania akaondoka, na familia mbili zikamfuata. Jengo likabaki, zuri kwelikweli, na vyumba viwili vitupu.

Ada nayo msiifiche. Shule ya serikali kule ni bure, kwa hiyo asiyeweza kulipa asikilizwe faraghani, mapema, kabla hajatoweka kwa aibu.

Nilipoondoka walikuwa watoto 63. Yule mzee alikuwa akilalamika kwamba Jumamosi kelele zao hazimwachi asikie sala.