Subaru STI isiyotulia kwenye sailensa: ushauri kwa fundi anayeanza

Impreza WRX STI ikiletwa gereji na mwenyewe akakueleza kwamba inatetemeka ikiwa imesimama kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, na mara nyingine inazimika kwenye mataa, ninakuomba usikimbilie kufungua boneti. Kaa kiti cha abiria, mwache mwenye gari aliwashe, kisha usikilize. Injini hii ina silinda nne zilizolala mbilimbili kila upande, na katika matoleo mengi mabomba ya ekzosi ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili, kwa hiyo mapigo ya moshi huifikia tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa kwenye injini, kwa vipindi visivyolingana. Huo ndio mngurumo ambao watu waliokaa pembezoni mwa barabara za Safari Rally mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda, na mwaka 2000, Richard Burns aliposhinda, waliutambua kabla hawajaliona vumbi. Fundi aliyezoea Corolla huusikia akaamini kwamba silinda moja imekufa.

Njia rahisi ya kutofautisha mngurumo na misi, yaani silinda inayokosa kuwaka, ni kushuka na kuweka kiganja nyuma ya mdomo wa ekzosi, umbali wa shubiri moja. Mngurumo hurudi kwa mpangilio uleule, nawe utauhisi mkononi kama ngoma isiyobadili mdundo, na sindano ya raundi hutulia palepale, kwa kawaida kati ya 700 na 800. Misi haina mpangilio: hewa inasukuma, inasukuma, inakatika ghafla, kisha inasukuma tena, na sindano huchezacheza. Kumbuka pia kwamba STI nyingi za soko la Japani zilizokuja baadaye zina tabo ya njia pacha na mabomba yanayolingana urefu, ambayo hayana mngurumo huo. Gari la namna hiyo likinguruma, ama mtu alibadilisha ekzosi, ama kweli kuna silinda inayolegea.

Baada ya hapo uliza maswali, na majibu uyaandike kwenye daftari. Linazimika likiwa baridi asubuhi, au likishapata moto? Linazimika likiwa limesimama, au dereva anapoachia mafuta na kukanyaga klachi akikaribia kusimama? Je, hali hubadilika AC ikiwashwa? Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, nalo ni gumu kujibiwa kwa ukweli: kuna kitu gani kilichobadilishwa kwenye gari hili tangu lilipotoka kiwandani? Magari haya hupita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na mwenye gari mara nyingi hataji mabadiliko kwa sababu yeye huyaona kuwa ni mapambo.

Jambo ambalo ningependa ulielewe kabla ya kugusa spana ni kwamba injini hii hufanya kazi kwa hesabu ya hewa. Baada ya chujio kuna sensa yenye waya wa moto, ile inayoandikwa MAF kwenye michoro, ambayo hupima hewa yote inayoingia. Kompyuta ya injini hupokea kipimo hicho na kuagiza nozeli zimwage petroli inayolingana nacho, takriban kilo moja ya petroli kwa kila kilo 14.7 za hewa gari likiwa kwenye sailensa. Kompyuta haiioni hewa yenyewe, inaiamini sensa. Hewa ikiingia bila kupita kwenye sensa, au ikipita na kuandikwa halafu ikatoroka kabla ya kufika kwenye silinda, hesabu huharibika, na hesabu mbaya huonekana zaidi kwenye sailensa, ambako hewa yote inayotumika ni kidogo mno.

Somo hili nililipata kwa gharama. Katika mwaka wangu wa pili kazini aliletwa kwangu kijana mwenye STI ya bluu iliyozimika kila alipokaribia mzunguko wa barabara. Ikiwa imesimama tu gereji ilitulia vizuri kabisa. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili mbili, nikasafisha nozeli, na iliporudi mara ya pili nikamshauri anunue pampu ya mafuta, akanunua. Iliporudi mara ya tatu, mzee aliyenifundisha kazi aliingia garini, akamwambia kijana akanyage mafuta hadi tabo ijae kisha aachie na kukanyaga klachi. Tulisikia ule mlio wa pshii ambao vijana wanaupenda, sindano ikaporomoka kutoka 4,000 hadi chini ya 500, na injini ikafa. Mzee akasema, “Hewa hiyo ilishaandikwa.” Hakusema lingine, alishuka akaenda kunawa mikono.

Nilikaa na maneno hayo mpaka nikayaelewa. Dereva anapoachia mafuta, mlango wa throto, ule unaoruhusu hewa kuingia kwenye injini, hujifunga huku tabo ikiendelea kusukuma hewa, na hewa hiyo lazima ipate pa kwenda. Valvu ya kiwandani huirudisha kwenye bomba lililo kabla ya tabo, yaani hewa iliyokwisha kuhesabiwa hubaki ndani ya mfumo. Valvu aliyofunga yule kijana iliitupa nje, na ndipo ulipotoka ule mlio. Kompyuta, isiyojua kwamba hewa imetupwa, ilimwaga petroli ya hewa ambayo haikuwepo, na injini ikanyongwa na petroli katika sekunde ileile iliyohitaji kushika sailensa. Valvu ya kiwandani ilikuwa kwenye buti, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Tuliirudisha kwa robo saa, na gari halikuzimika tena. Fedha ya pampu nilimrudishia kwa makato ya mishahara miwili.

Valvu hizo za kutupa nje zina kosa la pili, ambalo hutokea springi yake ikiwa laini. Gari likiwa kwenye sailensa, mvuto wa manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, huifungua kidogo, na hewa isiyohesabiwa, tena isiyochujwa, huingia kupitia hapo. Hapo tatizo hugeuka: petroli inakuwa chache badala ya kuzidi, na gari linatetemeka hata likiwa limesimama tu. Ukikuta valvu ya namna hiyo, irudishe ya kiwandani kwanza, hata kwa muda wa kupimia tu, kabla hujaanza kutafuta ugonjwa mwingine wowote.

Mahali pengine hewa hupotea au kuingia kwa siri ni mpira mkubwa unaoingia kwenye tabo, ambao huchanika upande wa chini usikoonekana. Maungio ya intakula, yaani rejeta inayopoza hewa itokayo kwenye tabo, hasa baada ya mtu kuifungua na kukaza klipu kwa haraka. Mipira midogo ya mvuto iliyokauka kwa joto. Na gasketi za manifoldi. Zingatia kwamba tundu lilelile hufanya mambo mawili yaliyo kinyume. Tundu lililo baada ya throto huvuta hewa ndani gari likiwa kwenye sailensa, na petroli inakuwa chache. Tabo ikijaa, tundu hilo hutema hewa iliyokwisha kuhesabiwa, na petroli inazidi. Ndiyo maana mteja anaweza kukuambia kwamba gari linatetemeka likisimama na linatoa moshi mweusi likikimbia, nawe ukadhani ana magonjwa mawili. Kwa kutafuta tundu, mashine ya moshi ni bora. Ukiikosa, ziba mdomo wa tabo, ingiza hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo, halafu pakaza maji ya sabuni kwenye maungio na utazame mapovu. Usinyunyize petroli wala dawa ya kusafishia breki kuzunguka tabo yenye moto. Mafundi hufanya hivyo, na magari yameungua.

Mashine ya kupimia gari ukiiunganisha, usitosheke na kusoma misimbo ya hitilafu. P0171 hukuambia kwamba petroli ni chache kuliko hewa, lakini haikuambii kwa nini. Fungua ukurasa wa namba zinazoonyesha kompyuta imeongeza au imepunguza petroli kwa asilimia ngapi. Zikicheza ndani ya asilimia tano juu au chini, hesabu iko sawa. Zikiwa zimepanda hadi kumi na tano kwenye sailensa, kisha zikashuka karibu na sifuri ukishikilia raundi 2,500, umeonyeshwa tundu dogo la hewa, kwa sababu kinachoingia kupitia tundu hilo ni sehemu kubwa ya hewa ya sailensa lakini ni sehemu ndogo sana injini inapopumua kwa nguvu. Zikifanya kinyume, zikazidi kupanda kadiri mzigo unavyoongezeka, shuku pampu, chujio la petroli au sensa ya hewa iliyochafuka. Waya wa sensa huchafuliwa zaidi na mafuta ya vichujio vile vya wazi vya magari ya mbio. Usafishe kwa dawa yake maalumu na usiuguse kwa kitambaa.

Ukitumia geji ya mvuto, kumbuka uko wapi. Mimi nilijifunza kazi Dar es Salaam, ambako injini nzima huonyesha inchi 19 au 20 za zebaki kwenye sailensa, na nilipohamia Arusha nikafungua manifoldi ya kwanza bila sababu kwa kuwa geji ilisoma 15. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yenyewe ni nyepesi. Gari lilikuwa zima.

Ikiwa hewa iko sawa na misi inaendelea, nenda kwenye moto, yaani cheche za plagi na koili zinazozipa umeme. Msimbo P0301 hadi P0304 hutaja silinda. Hamisha koili ya silinda inayotajwa uipeleke kwenye silinda nyingine, futa msimbo, zungusha gari, kisha usome tena: msimbo ukihama pamoja na koili, umeipata, ukibaki palepale, koili haina kosa. Unapoitoa, mulika tochi ndani ya shimo la plagi. Katika injini hizi gasketi za vifuniko vya valvu huvuja, na mara nyingi nimekuta plagi imezama kwenye oili kama ndizi kwenye kikaango. Usiifungue plagi hapo mpaka uifyonze oili yote, la sivyo itaingia kwenye silinda. Pengo la plagi za injini yenye tabo ni dogo, milimita 0.7 hadi 0.8, kwa kuwa shinikizo la tabo huuzima moto ulionyoshwa sana.

Masizi kwenye throto nayo ni sababu ya kawaida. Kwenye magari yenye throto ya kebo safisha pia ile valvu ndogo ya hewa ya sailensa. Baada ya kusafisha au kutoa betri, liache gari lijifunze upya kwa dakika kumi bila AC wala taa, na usimpigie mteja simu kabla ya hapo. Nozeli kubwa zilizofungwa bila kurekebisha programu ya kompyuta hazitatulia hata ukizisafisha mara mia.

Upimaji wa kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, nimeuweka mwisho kwa sababu kufikia plagi za injini iliyolala ni kazi ya kutoa betri na boksi la chujio, lakini usiuruke. Taimingi belti iliyoruka jino moja huonekana hapo, na katika injini za lita 2.5 pistoni iliyovunjika ukingo wa ringi, mara nyingi ile ya silinda ya nne, huanza kwa mtetemo mdogo wa sailensa ambao kila mtu huuita plagi. Silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, funga boneti, mwite mwenye gari, mwonyeshe geji kwa macho yake.

Gari la aina hii usilikabidhi jioni. Lilaze gereji, na alfajiri, kabla jua halijalipasha, liwashe bila kugusa mafuta. Likishapata moto, washa AC, washa taa, zungusha usukani hadi mwisho, ukitazama sindano. Ikishuka kidogo na kurudi mahali pake, mpigie mwenyewe aje.