Usimwachie mtu jimbo kwa ahadi ya viti maalum

Wee mdogo wangu wa Wete, unauliza uandike vipi kuhusu ufeministi na CEDAW, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, halafu katikati, kama jambo dogo, unasema mzee wa tawi amekuomba umwachie kijana wao jimbo, wewe utawekwa viti maalum, vile vya wanawake vinavyojazwa kwa orodha ya chama. Usikubali.

Mie nilikubali. Nilishachukua fomu ya kugombea uwakilishi, kiti cha jimbo katika Baraza la Wawakilishi, bunge letu la Zanzibar, nimeijaza, imo kwenye bahasha chini ya godoro. Wakaja watu watatu baada ya isha, mama akawapikia kahawa. Mkubwa wao akaniita "mwanangu". Akasema jimbo lina fitina, mwanamke wa heshima atatukanwa majukwaani, na jina langu litakuwa juu kwenye orodha ya viti maalum. Hakuandika hata mstari mmoja. Nikaitoa ile bahasha mwenyewe nikamkabidhi mkononi.

Orodha ilipotoka sikuwamo, hata mkiani. Nikampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Wanawake wa shehia yangu walikuwa wamenichangia, wengine kwa pesa za mwani, pesa ya kuinama majini tangu alfajiri. Kwa miezi nilikuwa nikiwaona kwa mbali nakata njia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko kiti chenyewe.

Na mwezeshaji mmoja wa semina sijamsamehe. Alitufundisha kwamba viti maalum ndiyo mkataba wenyewe, tukishavipata tumeshapewa haki yetu. Uongo! Tanzania iliridhia CEDAW mwaka 1985, na kifungu cha 7 kinampa mwanamke haki ya kupiga kura na kugombea, sawasawa na mwanamme. Viti maalum vinaegemea kifungu cha 4, kinachoruhusu hatua za muda za kuharakisha usawa. Za muda! Vipi kitu cha kukusogeza mbele kigeuzwe sababu ya kukutoa jimboni? Itifaki ya Maputo nayo, ile ya Umoja wa Afrika ya haki za wanawake, kifungu cha 9, inataka wanawake wawakilishwe sawa na wanaume katika ngazi zote za uchaguzi.

Hebu angalia hesabu ya kwetu. Majimbo ya Baraza la Wawakilishi ni 50, na Katiba ya Zanzibar inaweka wanawake wa viti maalum asilimia 40 ya hao wa majimbo, yaani 20. Majina yao yanapelekwa na chama. Ukimuudhi mkubwa, jina lako linafutwa na hakuna mpiga kura wa kukutetea.

Baadaye ndipo nikamsoma Carole Pateman, mwananadharia wa siasa wa kifeministi, anavyoonesha kuwa siasa ilijengwa kwa kumhesabu mwanamke ni mtu wa nyumbani. Nikalikumbuka lile neno, "mwanamke wa heshima". Nadharia yote ilikuwa imekaa ukumbini kwetu inakunywa kahawa.

Usiniambie Mama Samia alianzia viti maalum. Kweli, aliingia Barazani kwa njia hiyo mwaka 2000. Lakini 2010 alisimama jimbo la Makunduchi akachaguliwa kwenda Bungeni. Na bibi zetu hapa Zanzibar walinyimwa kura mwaka 1957, wakaja kupiga 1961. Hawakuisubiri karatasi ya kura ili mie niikabidhi fomu yangu kwa mgeni wa usiku.

Umesema mzee anarudi Jumamosi kuchukua jibu. Leo Alhamisi. Kesho asubuhi kachukue fomu, uirudishe kwa mkono wako mwenyewe, na risiti ukae nayo wewe.