Jibu: Mbona mwanangu hataki tena mahamri?

Dada yangu wa Langoni, umeuliza mbona mwanao arudisha mahamri yake nyumbani na pesa zote zaishia kwenye krips, na kama kachri za muhogo ni yale yale. Si yale yale. Kachri ni muhogo, mafuta, chumvi na pilipili. Usimpe kila siku, mafuta ni mengi, lakini chote kilichomo wakijua mwenyewe. Igeuze ile paketi ya krips usome: ladha bandia, rangi, vitu ambavyo majiko mengi ya Lamu hayana. Hicho ndicho wataalamu wa Brazil, wakiongozwa na Carlos Monteiro, wakiita chakula kilichosindikwa kupita kiasi.

Mtoto usimlaumu. Wangu alikuwa akirudi na vidole rangi ya chungwa, alama mpaka kwenye kola. Siku moja nikamfuata. Duka li hatua chache kutoka lango la shule, paketi zaning'inia usawa wa macho yake, shilingi 10, na wenzake wote wanazo.

Tukakubaliana mama wanne, twafunga viazi vya karai na ukwaju kwa zamu, watoto wanakula pamoja. Hapo ndipo alipoacha kuonea haya chakula cha nyumbani. Soda bado twagombana.